Kitenzi Hakisafiri Peke Yake

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Habari hiyo ilienea duniani kwa saa chache, na aliyeisoma kwa Kiingereza alikutana na “nullified”, au “annulled”, au “invalidated”. Sasa fikiria mhariri wa gazeti la Kiingereza akiletewa sentensi inayosema mahakama “deleted” uchaguzi, au “erased”, au “repealed”. Asingeipitisha. Lakini ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, vitenzi vyote sita unaweza kuvikuta vimefasiriwa kwa neno moja, kufuta, na ndivyo vinavyokaa pamoja katika orodha za visawe ambazo wanafunzi wetu hunakili usiku kucha mtihani ukikaribia.

Tubaki kwenye kufuta kidogo, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Mwalimu akifuta ubao, Kiingereza kinasema “wipe” au “erase”. Ukifuta ujumbe kwenye simu ni “delete”. Shirika la ndege likifuta safari ni “cancel”. Bunge likifuta sheria ni “repeal”. Mamlaka ikifuta leseni ni “revoke”. Mahakama ya rufaa ikifuta hukumu iliyomtia mtu hatiani ni “quash”, au “overturn”. Ndoa ikifutwa kana kwamba haikuwahi kufungwa ni “annul”. Benki ikifuta deni ambalo imeshakata tamaa nalo ni “write off”. Chuo kikimfutia mwombaji mmoja ada kwa kumhurumia ni “waive”. Serikali ikifuta ada kwa watoto wote, kama Kenya ilivyofanya katika shule za msingi mwaka 2003, ni “abolish”, kitenzi kilekile kinachotumika kwa utumwa, ambao Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897. Ukitazama vizuri utaona kwamba kinachochagua kitenzi ni kile kinachofutwa. Leseni inakiita “revoke”, sheria inakiita “repeal”, na hata mtu aliyekariri vitenzi hivyo vyote, kama hakukariri pamoja na leseni na sheria, hajui akiite kipi lini.

Hili si geni kwetu. Redio ikitangaza kwamba Rais ametengua uteuzi wa mkuu wa wilaya, msikilizaji anatambua papo hapo kwamba kitenzi kiko mahali pake, ingawa hakuna aliyemfundisha darasani. Mbuzi hufa, hafariki dunia. Mtoto mchanga unaweza kumbeba, lakini mgongoni unamweleka na mapajani unampakata, na ndoo ya maji unajitwika. Kwenye kurasa za michezo ndiyo usiseme: timu huifunga nyingine, huichapa, huilaza, huibamiza, huigaragaza, na shabiki yeyote anajua kwamba ushindi wa bao moja la dakika za majeruhi hauitwi kubamiza. Mswahili anayecheza na vitenzi hivi kila siku ana uwezo wote anaouhitaji. Tatizo ni kwamba akifika kwenye Kiingereza anauweka uwezo huo kando, anashika orodha.

Ninaelewa inakotoka. Tanzania, mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kila somo isipokuwa Kiswahili limegeuka Kiingereza. Ana haraka. Orodha yenye “begin, start, commence, initiate, launch, embark” inampa matumaini kwamba amepata maneno sita kwa bei ya moja. Baadaye anaandika insha, anatoa “start” anaweka “embark”, bila “on” inayopaswa kukifuata, na mwalimu anapiga mstari mwekundu. Kinachoniuma ni kwamba kijana huyo alifanya bidii ya kweli. Alikesha. Aliadhibiwa kwa sababu alipewa nusu ya maarifa na kuambiwa ndiyo yote.

Basi ushauri wangu, kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa anayeandika tasnifu na kwa muuguzi anayejiandaa kwenda kufanya kazi nje, unaanzia hapa: usikihesabu kitenzi kuwa umekijua mpaka ujue nomino zinazoandamana nacho, kihusishi kinachokifuata, na mahali watu wanapokitumia. Vitenzi vitano vilivyojulikana hivyo vitakufikisha mbali kuliko hamsini vya orodha.

Wingi wa visawe vya Kiingereza una historia, na kuijua kidogo kunasaidia. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wakubwa, huku watu wa kawaida wakiendelea na lugha yao. Kilatini kilikuwa cha kanisa na cha wasomi. Kila lugha iliacha vitenzi vyake, na mara nyingi vikabaki vitatu kwa kazi inayofanana: “ask” cha wenyeji, “question” cha Kifaransa, “interrogate” cha Kilatini, vivyo hivyo “rise”, “mount” na “ascend”. Cha wenyeji kwa kawaida ni cha nyumbani na mtaani, cha Kilatini ni cha ofisini na vitabuni. Mama anayemuuliza mwanawe kama amekula anatumia “ask”. Akitumia “interrogate”, mtoto ana kesi ya kujibu.

Kuna kundi la nne linalosahaulika, nalo ni vitenzi vya maneno mawili au matatu: “put off” kwa “postpone”, “look into” kwa “investigate”, “put up with” kwa “tolerate”, “find out” kwa “ascertain”. Mzawa wa Kiingereza huvijua hivi akiwa mtoto, vile virefu huvipata shuleni. Sisi mara nyingi tunaanza upande wa pili: tumejifunza Kiingereza vitabuni, kwa hiyo “investigate” tunacho tangu kidato cha pili na “look into” hatuna. Ndiyo maana wengi wetu tukizungumza na rafiki kwenye simu tunasikika kama tunasoma ripoti. Anayesema anataka vitenzi vya juu zaidi ajikague kwanza kama vya chini anavyo.

Chombo kinachotumika vibaya kuliko vyote ni kamusi ya visawe. Iliyo maarufu zaidi ilitungwa na Peter Mark Roget, daktari wa London, ikachapishwa mwaka 1852. Roget hakuipanga kwa alfabeti bali kwa mawazo: maneno ya mahali, ya mwendo, ya hisia, ya utashi, kila kundi na jamaa zake. Na hakuweka maana. Hakuona haja, kwa kuwa alimkusudia mwandishi ambaye maneno yote tayari anayajua na kwa wakati huo limemponyoka moja. Kitabu cha namna hiyo kinamkumbusha anayejua. Mtu asiyejua tofauti ya “ease” na “alleviate” hapati tofauti hiyo humo hata akikisoma jalada hadi jalada. Kompyuta inayokuletea orodha ya visawe ukibofya neno inakuacha palepale. Fungua orodha hizo kwa kuchokoza kumbukumbu tu, kisha kila neno lililokuvutia ulipeleke kwenye kamusi ya wanafunzi, ile yenye mifano ya sentensi, kabla halijaingia kwenye andiko lako.

Hebu tuandike ukurasa mmoja wa daftari pamoja. Chukua “curb”. Maana: kudhibiti jambo baya lisizidi. Nomino zinazoandamana nacho: “inflation”, “corruption”, “spending”, “the spread of” ugonjwa fulani. Kihusishi: hakuna, kitenzi kinagusa nomino moja kwa moja. Mahali: magazetini, hotuba za bajeti, ripoti za miradi, huwezi kumwambia mwanao a-“curb” kelele. Sentensi ya gazetini: “The government has introduced new measures to curb illegal fishing.” Sentensi yako mwenyewe, kuhusu jambo unalolijua: kama unaishi Mwanza uvuvi haramu unakufaa, kama ni Mombasa, andika kuhusu bodaboda na ajali. Mwisho, jamaa zake na tofauti yao, kwa Kiswahili: “prevent” ni kuzuia lisitokee kabisa, “combat” ni kupambana nalo likiwa limeshatokea, “eradicate” ni kulitokomeza lisibaki.

Tazama sasa jina la TAKUKURU, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kwa Kiingereza inaitwa Prevention and Combating of Corruption Bureau. Vitenzi viwili, kazi mbili, na hakuna aliyeviweka kwa ajili ya mapambo: kuzuia ni kazi ya kuelimisha na kuziba mianya, kupambana ni kuchunguza na kufikisha watu mahakamani. Angalia pia jambo dogo linalowaangusha wengi. Kiswahili hupambana na kitu, kwa hiyo mkono wetu unaandika “combat with corruption”. Kiingereza hakitaki hiyo “with”. “Combat corruption”, basi.

Wakati mwingine tofauti ya visawe viwili ni suala la kitaalamu kabisa. Katika afya ya jamii, “eliminate” ni kuumaliza ugonjwa katika nchi au eneo fulani, na “eradicate” ni kuumaliza duniani kote moja kwa moja. Ndui ndio ugonjwa wa binadamu uliofikia hatua hiyo ya pili: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Mwanafunzi wa uuguzi anayeandika kwamba nchi yake ime-“eradicate” ugonjwa ambao jirani yake bado anao ameandika kosa la maana, na hakuna sarufi itakayomwokoa.

Narudi kwenye vihusishi, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili chetu kinatuponza zaidi, na makosa yenyewe yanatabirika. Sisi tunajadili kuhusu jambo, kwa hiyo tunaandika “discuss about”. Kitenzi hiki hakihitaji “about”. Tunatilia mkazo juu ya jambo, tunaandika “emphasize on”, hakihitaji “on”. Tunasema “nieleze”, mtendwa akiwa tumboni mwa kitenzi, na tunaandika “explain me”, wakati Kiingereza kinadai “explain it to me”. Tunasema “alinipendekezea nisome sheria”, tunaandika “he suggested me to study law”. “Advise” kingekubali muundo huo, “suggest” hakikubali. Kinataka “he suggested that I study law” au “he suggested studying law”. Umeona? “Advise” na “suggest” wamekaa jirani katika kila orodha ya visawe, na bado ukibadilisha mmoja kwa mwingine sentensi inavunjika.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa uvumilivu kuliko wengi ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza Japani. Yeye na wenzake waliona kwamba wanafunzi wao walijua maana za vitenzi bila kujua jinsi ya kuvijengea sentensi, wakatunga kamusi inayoonyesha kila kitenzi kinavyofuatwa na nini. Ilitoka Japani mwaka 1942, na mwaka 1948 Oxford ikaichapa upya. Ndiyo mama wa Oxford Advanced Learner's Dictionary iliyopo leo katika maktaba nyingi za shule zetu. Wanafunzi wengi huifungua, husoma maana ya kwanza na kuifunga. Mali iliyomo iko chini ya maana: alama za muundo, mifano ya sentensi, visanduku vya tofauti kati ya neno na jirani yake. Mwenye kamusi hiyo na akaisoma hadi chini ya ukurasa hahitaji kununua kitabu kingine cha visawe.

Upande mwingine, kuna vitenzi vyetu vinavyobeba mizigo mingi, na hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Kusikia ni kimoja: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, na Kiingereza kinadai “hear”, “smell” na “feel”. Kuazima kinatumika kwa mwenye kitu na kwa anayekitaka, wakati “lend” ni cha mtoaji na “borrow” ni cha mpokeaji. Kushinda kina hatari ya peke yake. Kiswahili kinashinda mechi na kinashinda timu, ndiyo maana tunasikia “we won them”. Kwa Kiingereza mechi, kombe na uchaguzi unavi-“win”. Mpinzani una-“beat” au “defeat”. Hofu na matatizo una-“overcome”. Ukishaweka hivyo sawa, ndipo uende kwa “edge”, kushinda kwa tofauti ndogo, na “thrash”, kule kubamiza kwetu. Kaa na kutoa, kupata, kufanya na kutunza namna hiyohiyo: andika nomino kumi unazozitumia na kila kimoja kwa Kiswahili, kisha tafuta Kiingereza cha kila jozi. Kupata kazi, kupata ugonjwa, kupata ujuzi, kupata faida, kupata ajali. Utashangaa jinsi kitenzi kinavyobadilika.

Kwa anayeandika tasnifu au makala ya kitaaluma, nguvu zake nyingi ziende kwenye vitenzi vya kuonyesha na vya kusema, kwa sababu hivyo hubeba uzito wa hoja yenyewe. Mwandishi aliyehoji wakulima sitini wa wilaya moja akiandika kwamba matokeo yake “prove” kuwa mbegu fulani ni bora nchini kote, msimamizi ana haki ya kumrudishia kazi. “Prove” kinafunga mlango wa mjadala. “Demonstrate” kinaonyesha kwa ushahidi mzito. “Indicate” kinaelekeza kidole upande fulani. “Suggest” kinaelekeza kwa tahadhari zaidi, na kwa wakulima sitini ndicho kinachostahili. “Reveal” ni cha jambo lililokuwa limejificha, na “illustrate” ni cha kufafanua kwa mfano. Hakuna hata kimoja hapo unachoweza kukiweka kwa sababu tu “show” umeshaitumia mara mbili kwenye ukurasa.

Vya kusema vina hatari zaidi, maana vinamhukumu mtu unayemnukuu. Gazeti likiandika kwamba waziri amesema, msomaji anapokea. Likiandika amedai, anaanza kushuku. Likiandika amekiri, anajua kuna kosa. Kiingereza kina ngazi hizohizo. “State” hakina upande. “Argue” kinaheshimu hoja hata kama hukubaliani nayo. “Claim” kinatia shaka. “Maintain” ni kushikilia msimamo licha ya kupingwa. “Concede” ni kukubali jambo moja la mpinzani kwa shingo upande. “Admit” ni kukiri, na “allege” kinakaa karibu na mahakama, kwa tuhuma ambazo bado hazijathibitishwa. Nimeona tasnifu ambamo kila mwanazuoni ame-“claim”, hata yule ambaye nadharia yake ndiyo nguzo ya utafiti wote. Mwandishi alitaka kuepuka kurudia “say”. Matokeo yake amemshuku mwalimu wake mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa.

Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani ulioanza mwaka 1989 na unaodaiwa na vyuo vingi vya Uingereza, Kanada na Australia, wana mtego wao: swali la kueleza grafu. Wamefundishwa “soar”, “surge”, “plummet”, “rocket”, na wanavimwaga vyote. Lakini kiwango kilichotoka asilimia 52 hadi 49 hakija-“plummet”. Kimeshuka kidogo, “declined slightly”. “Soar” ni kupaa. Kwanza tazama mstari wenyewe kwenye karatasi, sema kwa Kiswahili kama umepanda, umepaa, umeyumba au umetulia, kisha uchague. Tahadhari pia na “rise” na “raise”. Kiswahili kinatofautisha bei kupanda na mtu kupandisha bei, na Kiingereza nacho kina viwili: bei “rose”, serikali “raised” bei. Anayeandika “the price was risen” amevichanganya. “Increase” ni rahisi zaidi kwa kuwa kinafanya kazi zote mbili. Msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa katika kusahihisha uandishi wa mtihani huo, na vigezo vilivyochapishwa kwa umma vinataja wazi namna maneno yanavyoandamana. Neno zito lililokaa vibaya linakupunguzia alama.

Uchague vitenzi gani, basi? Kwa masomo ya juu kuna orodha moja ninayoiamini, ile iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand, yenye familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandiko ya kitaaluma ya fani nyingi. Inapatikana bure kwenye intaneti. Itumie kama ramani ya kukuonyesha kipi kinastahili muda wako, kisha kila kitenzi ukipe ukurasa wa daftari kama tulivyofanya kwa “curb”. Vitatu kwa wiki vinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia.

Kuhusu kukumbuka, jambo la msingi limejulikana tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885: tunasahau sehemu kubwa upesi sana, na marudio yaliyoachanishwa siku kadhaa yanashinda marudio mengi ya mkupuo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliligeuza hilo kuwa utaratibu wa visanduku na kadi. Ukiijua kadi inahamia kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra. Ukiikosa inarudi kisanduku cha kwanza. Programu nyingi za simu zinafanya vilevile, lakini karatasi za manila zilizokatwa kwa mkasi zinatosha kabisa. Sharti langu ni moja: kadi isiwe na kitenzi kimoja kikavu. Upande wa mbele andika “kufuta leseni”, nyuma “revoke a licence”. Mbele “kupambana na rushwa”, nyuma “combat corruption”. Unakariri ndoa nzima.

Na usome. Sisi tuna bahati ambayo wanafunzi wengi wa Kiingereza duniani hawana: maandiko mazito ya umma yapo kwa lugha zote mbili. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ina nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza, Katiba ya Kenya ya 2010 vilevile, na Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 limetafsiriwa kwa Kiswahili. Fungua ibara moja kwa lugha zote mbili, weka karatasi sambamba, pigia mstari vitenzi tu. Katika kiapo cha Rais wa Kenya utakuta “obey”, “preserve”, “protect” na “defend” vimefuatana kwa Katiba ileile. Jaribu kuvitafsiri mwenyewe kabla ya kutazama nakala ya Kiswahili: kutii, kuhifadhi, kulinda, kutetea. Kutii ni kujiweka chini yake. Kutetea kunahitaji adui. Zoezi la namna hiyo, nusu saa kila Jumamosi, linafundisha kuliko kurasa kumi za orodha.

Lazima niseme pia juu ya kuacha. Zipo sehemu ambazo kisawe ni hasara. Katika mkataba, ukitumia “terminate” kifungu cha nne na “cancel” kifungu cha tisa kwa jambo lilelile, umempa wakili wa upande wa pili nafasi ya kudai kwamba ulikusudia mambo mawili. Katika ripoti ya maabara, kitendo kimoja kibaki na jina moja hadi mwisho. Na katika barua ya kawaida, “use” ni bora kuliko “utilize”, “buy” ni bora kuliko “purchase”, “help” ni bora kuliko “facilitate”. George Orwell aliwasihi Waingereza wenzake mwaka 1946 waache neno refu pale fupi linapotosha, na walimu wazuri wa uandishi bado wanasema hivyo. Wazazi na walimu wetu wanaompongeza mtoto kwa sababu hawakumwelewa wanamfundisha kinyume. Waache tabia hiyo. Kiingereza cha kueleweka ndicho kinachompa kijana kazi, ufadhili na heshima.

Leo jioni chukua andiko lako la mwisho la Kiingereza, liwe insha, ripoti ya kazini au barua ya maombi. Pigia mstari kitenzi kilichojirudia kuliko vyote. Andika pembeni nomino zilizofuatana nacho, kisha katika kamusi yenye mifano tafuta kitenzi cha kila nomino. Baadhi zitakurudisha kwenye kilekile ulichokuwa nacho, kiache kilipo. Kwa zile zilizobaki, andika sentensi zako mwenyewe, umpe mwalimu au mwenzako anayejua azisome, na kesho asubuhi uzirudie kwa sauti kabla hujafungua simu.